Mtani wa Bujiku

Gari la Bujiku halikuwa linapita mbele ya kibanda cha Akida bila kupiga honi mara tatu, na honi hiyo ndiyo iliyompa Akida heshima aliyokuwa nayo mjini Geita, kwa sababu cherehani peke yake isingempa. Mafundi cherehani wapo tele mtaa ule, na wengine, tuseme kweli, wanashona vizuri kuliko yeye. Lakini hakuna mwingine ambaye tajiri mwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu, hoteli na mabasi alikuwa tayari kumsimamishia gari katikati ya barabara, bodaboda zikirundikana nyuma, ili tu ashushe kioo na kuuliza:

"We Mzaramo, bado hujafa?"

"Nikifa mimi nani atakuzika, Ngosha? Jeneza la kukutosha wewe itabidi wachonge mtumbwi!"

Mtaa mzima unacheka. Akida anaingiza mkono dirishani na kuchukua chochote kilicho karibu: chupa ya maji, miwani ya jua, siku moja jogoo mzima aliyefungwa miguu kwenye kiti cha nyuma. Bujiku hana la kusema, kwa sababu mtani akichukua amechukua. Wazaramo na Wasukuma wanataniana tangu enzi za mababu, Wasukuma walipokuwa wakishuka pwani kwa miguu na mizigo mabegani, na hadi leo Mzaramo anaweza kumwambia Msukuma neno ambalo mtu mwingine angelisema angepigwa. Sharti ni moja tu. Mtani hakasiriki. Akikasirika, anatozwa faini, na watu wanamcheka mara mbili.

Urafiki wao, kama ni urafiki, ulianzia msibani. Baba yake Bujiku alipofariki, miaka kumi iliyopita, Akida alikwenda kuzika kama watu wengine. Jeneza lilipotolewa nje, yeye akavaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akatembea mbele ya waombolezaji kwa mwendo ule ule wa mzee, goti moja halikunjiki, huku akiwafokea wanawe kwamba wamechinja ng'ombe aliyekonda. Halafu akalala njiani na kusema maiti haipiti mpaka watani walishwe. Bujiku alikuwa amelia siku mbili bila kula. Alipomwona Akida kwenye lile koti alicheka mpaka akashikiliwa na ndugu zake. Tangu siku hiyo akampenda, jinsi matajiri wanavyompenda mtu anayewachekesha.

Hapo ndipo Akida alipovimba kichwa. Simlaumu sana. Mtu aliyetoka Maneromango akiwa na begi moja kuja kutafuta dhahabu, akashuka kwenye duara, shimo la wachimbaji, mara moja tu, akaning'inia kwenye kamba gizani akisoma kila aya aliyofundishwa madrasa, akapandishwa juu akiwa amejikojolea na asirudi tena, mtu wa namna hiyo akipigiwa honi na tajiri ana haki ya kunyoosha shingo kidogo. Yeye aliinyoosha kupita kiasi. Watu wakimwuliza, "Hivi Bujiku mnajuana vipi?" alikuwa anatoa pini mdomoni taratibu na kusema, "Bujiku? Yule nikimwambia kaa, anakaa." Alisema hivyo kwa wateja, akasema kwenye kahawa, na akasema zaidi ya mara moja mbele ya Masalu.

Masalu ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kweli. Walifahamiana mwaka ule ule wa kamba na duara. Akida alikuwa ameanza kushona viroba vya kubebea mawe ya dhahabu, akalala chini ya turubai, akashikwa na homa ya matumbo, na wachimbaji wenzake wakaanza kugawana viatu vyake. Masalu, kijana wa kijiji kilicho nusu saa kutoka mjini kwa njia ya Chato, alimfunga kwenye baiskeli kwa mpira kama gunia la mkaa akampeleka kwao. Mama yake Masalu alimnywesha uji wa mtama kwa kijiko miezi miwili. Akida hakuwa anajua Kisukuma, mama hakuwa anajua Kiswahili cha maana, lakini alipopona alikuwa anamwita mayu na yeye akimwita mwanangu. Mama alipofariki wakamzika pale pale nyumbani, hatua chache kutoka mlangoni, na watu wakamgeukia Akida wakisubiri vituko vya watani. Hakuweza. Alilia kama mtoto wa kumzaa, na Wasukuma wakamsamehe faini.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka jana, vumbi likiwa limejaa kila kitu, Masalu alipokuja kibandani na mkewe Melania. Masalu alikuwa na kawaida ya kuingia kwa kelele, "Mzaramo mvivu, unashona au unasinzia?" Siku hiyo alisema tu, "Habari za kazi, Akida." Hapo hapo Akida akajua kuna jambo, akainua mguu kutoka kwenye pedali.

Jambo lenyewe halikuwa refu. Kaka mkubwa wa Masalu, ambaye ndiye aliyeandikwa kwenye hati ya eneo la baba yao, alikuwa ameliuza lote na kuhamia Kahama bila kumwambia mtu. Lote, maana yake mashamba, nyumba anayoishi Masalu, na lile kaburi. Mnunuzi alitaka kujenga mtambo mwingine wa kuchenjua. Masalu alikuwa ameshakwenda kila alikoelekezwa, na kila mahali aliambiwa kwamba sahihi ni ya kaka yako, mashahidi wapo, mwenye eneo sasa ni mmoja, kamwombeni yeye. Alikuwa na karatasi mkononi. Ilimpa siku kumi na nne atoe vitu vyake na ahamishe kaburi, na baada ya hapo kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kingeingia kusawazisha.

"Mnunuzi ni nani?" Akida aliuliza, ingawa moyo ulishamwambia.

"Ni mtani wako," Masalu alisema.

Melania, ambaye ni mwanamke wa maneno machache, ndiye aliyeendelea. "Shemeji, mashamba achukue. Tumeshayalilia, yamekwisha. Tunaomba ile kona tu, nyumba na mama. Haifiki nusu eka. Yeye ana ardhi mpaka kule mlimani, nusu eka itamfanyia nini?"

"Wewe ukimwambia kaa, anakaa," Masalu akasema. Hakuwa anakejeli hata kidogo. Alikuwa anarudia alichokisikia, na alikuwa amekiamini miaka yote tisa.

Wakati wa kusema, "Masalu, mimi na yule mtu hatujawahi kuongea jambo la maana hata siku moja," ulikuwa ni huo. Aliuona wakati huo ukipita mbele yake. Akasema, "Niachieni mimi."

Siku mbili baadaye honi ikalia. Bujiku alishusha kioo. "We Mzaramo, bado..."

"Mzee, nina shida," Akida akasema, ameegemea mlango wa gari.

"Shida? Umechoka mihogo? Jamani, Mzaramo ana shida!" Bujiku aliwatangazia wauza nyanya. "Mchangieni nazi!"

"Ni ile nyumba ya Masalu, kule eneo ulilonunua. Nakuomba..."

"Unaitaka? Chukua! Si umeshachukua jogoo wangu, miwani yangu? Chukua na nyumba, uibebe kichwani uende nayo kwenu!" Mtaa ukalipuka kwa vicheko. Bodaboda nyuma zikapiga kelele, gari likaondoka. Akida alibaki amesimama mkono hewani, na muuza nyanya akimwambia kwamba leo mtani wake kampiga bao.

Usiniambie Bujiku hakuelewa. Lakini siku ile Akida bado aliamini hakuelewa, na usiku alimwambia mkewe, Zuwena, kwamba kosa ni la mahali. Barabarani hakuna mtu anayesikia maneno ya maana. Zuwena, ambaye alikuwa akichambua mchicha, alimwuliza, "Na akikusikia vizuri akakataa?" Akida akasema hawezi kukataa. Zuwena akasema, "Mimi namhurumia Melania," na akaendelea na mchicha wake.

Basi akajipanga. Alichagua Ijumaa baada ya swala, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, koti juu na kofia mpya, akaenda hotelini kwa Bujiku. Njia nzima alikuwa anajikataza utani. Alijiambia atamwamkia, kwa kuwa Bujiku amemzidi umri, atakaa akikaribishwa, na atasema kwa ufupi. Pale mapokezi alikuwapo binti mmoja, Noela, aliyefurahi kumwona kupita kiasi.

"Pita, mtani, pita! Bosi amenuna tangu asubuhi. Wewe ndiye dawa yake."

Bujiku alikuwa amekaa baraza la nyuma na wageni wanne wanaonunua dhahabu, mbele yao sato wa kukaanga. Akida alisimama, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Meza nzima ikaanguka kwa kicheko. Katika miaka tisa Akida hajawahi kumwamkia Bujiku, na watani hawaamkiani hivyo. "Leo Mzaramo ana adabu!" Bujiku alipiga meza. "Ameua mtu huyu! Mwangalieni na kanzu, amekuja kunifungisha ndoa!"

"Mzee, nimekuja kwa heshima zote. Sitanii. Masalu ni ndugu yangu. Mama yake aliniokoa nisife, na amezikwa pale. Naomba ile kona..."

"Sitanii, anasema!" mgeni mmoja akafuta machozi kwa leso. "Huyu mtu ni hatari!"

Kadiri alivyosema ukweli ndivyo walivyocheka. Akida, na hapa ndipo ninapomwonea huruma hasa, akapiga magoti. Akapiga magoti sakafuni na kanzu yake nyeupe, mikono mbele, machozi yakimtoka ya kweli kabisa, na mgeni mwingine akatoa simu akaanza kumrekodi.

Bujiku ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Aliinuka, akamshika bega, akamwinua, akamwongoza mpaka kwenye maegesho ya magari huku wageni wakipiga makofi nyuma. Walipofika kwenye kivuli cha basi lililokuwa linaoshwa, akamwachia bega. Uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. Kumbe haukuwa na mzaha muda mrefu.

"Akida," alisema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Nilikusikia siku ile barabarani. Na leo nimekusikia. Nimekujibu kwa utani kwa sababu nakupenda. Usinifanye nikujibu kama si mtani wangu. Watu wengine wakija na maneno hayo nina namna ya kuwajibu, na wewe hutaipenda."

"Ni nusu eka tu, mzee."

"Ile kona ndiyo yenye mteremko wa maji. Mtambo unakaa pale." Akamtazama kidogo zaidi, pengine kwa huruma, sijui. Kisha akapaza sauti ili wageni wasikie, "Na kwa kulia mbele ya mtani wako, faini!" Akamvua kofia mpya, akaivaa yeye, ikamkalia juu ya kichwa kikubwa kama kifuniko cha birika, akarudi barazani kwa mwendo wa madaha. Walicheka mpaka Akida alipofika barabarani. Alitembea kichwa wazi hadi nyumbani.

Jioni Masalu akapiga simu.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Mkaongea?"

"Tumeongea. Faragha kabisa, mimi na yeye."

"Eh! Kasemaje?"

Akida alimwona Bujiku na ile kofia. Aliona watu wa mtaani wakijua. Aliona miaka tisa ya shingo ndefu. "Usiwe na wasiwasi," alisema. Neno dogo, na lilimtoka kabla hajalipima.

"Asante, bhabha. Asante sana. Ngoja nimwambie Melania, maana alishaanza kufungua mabati ya jiko. Na tulikuwa tumempigia padri aje kuhamisha kaburi, nitamwambia asihangaike." Nyuma ya sauti yake Akida alimsikia Melania akiuliza kitu, na Masalu akimjibu kwa Kisukuma kwa furaha. Kisha simu ikakatika.

Alikuwa na siku sita za kupiga tena. Kila siku alikuwa na sababu. Mara hana salio, mara sare za shule zinasubiriwa, mara huenda Bujiku akabadilisha mawazo mwenyewe, kwa sababu matajiri hubadilika. Jumatano honi ililia mara tatu kama kawaida. "We Mzaramo, bado hujafa?" Na Akida, Mungu amsamehe, akajibu. Alijibu vizuri kuliko siku zote, wauza nyanya wakashika mbavu. Zuwena alikuwa amemletea chakula na akayasikia yote. Aliweka bakuli chini, akasema, "Kesho ni siku ya karatasi. Uende ukawaambie watu wale, au nitakwenda mimi." Akaondoka bila kusubiri bakuli.

Alikwenda. Alipanda bodaboda alfajiri, lakini kijiko kilikuwa kimefika kabla yake. Kilikuwa kimeshamaliza upande wa pamba na mihogo na sasa kimesimama hatua ishirini kutoka kwenye nyumba. Dereva alikuwa ameshuka, karatasi mkononi. Mbele ya mlango alisimama Masalu, ametulia, amevaa shati safi. Ndani ya nyumba hakuna kilichotolewa. Moshi wa chai ulikuwa unatoka jikoni.

"Mlipewa siku kumi na nne mtoe vitu na kaburi," dereva alikuwa anasema, na si kwa ukali. "Mimi nimeambiwa nisawazishe. Nawapa saa moja mtoe vyombo, zaidi ya hapo ni kazi yangu itakayoota mbawa."

"Umeambiwa vibaya," Masalu alimjibu. "Hili limeshamalizwa na bosi wako mwenyewe. Huyu hapa anakuja aliyelimaliza. Akida! Waambie."

Dereva alimgeukia, na uso ukamchangamka. "Ah, si mtani wa bosi huyu? Nimekuona kwenye simu, umepiga magoti!" Akaanza kucheka peke yake kwa kukumbuka.

Akida aliwapita wote akasimama mbele ya Masalu. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yalibaki machache.

"Masalu, hakuna neno. Alikataa siku ile ile. Nilikudanganya."

Masalu alimtazama. Kisha uso wake ukafunguka, akaangua kicheko kikubwa, akamshika Akida mabega akimtikisa. "Mnamwona Mzaramo huyu? Hata leo haachi! Hata mbele ya kijiko anatutania Wasukuma!"

Dereva naye akacheka, na wasaidizi wake wawili, na majirani waliosimama kando ya njia. Akida alisema, "Wallahi sitanii," na wakacheka zaidi. Machozi yakamtoka, na jirani mmoja akasema huyu mtu ana kipaji. Alisimama katikati yao hajui afanye nini na uso wake.

Melania hakucheka. Alikuwa ametoka jikoni na kikombe cha chai cha kumpa mgeni, akamtazama Akida muda mrefu kidogo, kisha akakiweka kikombe chini. Aliingia ndani. Alitoka na godoro kichwani, akalilaza mbali kwenye majani makavu, akarudi. Akatoka na sufuria na ndoo ya mtama. Alipotoka mara ya tatu, amekumbatia nguo, alipita kwenye kaburi la mkwewe, akasimama pale kidogo, kisha akaendelea na safari zake. Vicheko vya majirani vilikuwa vimekwisha. Masalu alikuwa bado anacheka, peke yake.

"Melania, unafanya nini? Si anatania?"

Mkewe aliingia tena ndani. Dereva alitazama saa, akapanda kwenye kijiko, akawasha mashine. Masalu aliachia mabega ya Akida taratibu. Kicheko kilikuwa bado kimemganda mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaanza kujua.

"Nitukane basi, Mzaramo," alisema kwa sauti ya chini. "Nitukane, nijue unatania."

Akida alitafuta tusi. Hata moja tu, hata lile la mtumbwi. Halikuja. Akainamisha kichwa, akaingia ndani, akashika kitanda upande wa miguuni, na Melania akashika upande wa kichwani.